Chipukizi na Mtupaji Aliyekomaa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi katika siku ya makutano ya shule)



Awali ya yote naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Wenzangu wamepewa kusema juu ya elimu, kilimo na afya. Mimi nimepewa besiboli, kwa sababu kamati inajua kwamba mwaka 1987 nilikuwa masomoni katika jimbo la Michigan, Marekani, na tangu hapo mchezo huo haujanitoka. Swali nililopewa ni hili: je, timu ifanye vema kuwatoa chipukizi wake ili impate mtupaji aliyekwisha kuthibitika?

Najua wapo wanaonong'ona kwamba besiboli ni mambo ya Wamarekani na Wajapani. Sitabisha sana, ingawa mwaka 2012 vijana wa Uganda walikwenda Marekani kushindana na watoto wenzao wa dunia nzima, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Lakini kamati haikuchagua mada hii kwa mzaha. Mchana huu Umoja wetu utapiga kura juu ya fedha za michezo: ama tuzitumie kuwavuta wachezaji waliokwisha kung'ara kwingine wahamie hapa kidato cha tano, ama tuzitumie kuwafundisha watoto wa kidato cha kwanza na cha pili. Wamarekani wamelijaribu swali kama hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, tena wameandika hesabu zote. Si vibaya kuzisoma kabla ya kunyoosha mikono.

Kwanza niwaeleze wasioujua mchezo. Timu moja hutupa mpira, nyingine hupiga kwa gongo, na kila timu hupata zamu tisa za kupiga. Mtu mkubwa uwanjani ni mtupaji. Akiwa hodari, wapinzani hurudi benchi mmoja mmoja kama waliofiwa. Lakini kutupa kunauchosha mkono, hivyo mtupaji wa kuanza mchezo hutumika mara moja katika kila siku tano hivi. Timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Mtupaji huyo huanza mechi thelathini na kidogo. Akinunuliwa mwishoni mwa Julai, zitakuwa zimebaki mechi kumi au kumi na mbili za kwake.

Na chipukizi ni nani? Ni kijana aliyechaguliwa akitoka sekondari au chuo, anayelelewa katika ligi ndogo, akipanda ngazi kwa ngazi. Wengi wao hawafiki juu kabisa. Anayefika hubaki mikononi mwa timu yake kwa miaka sita kabla ya kuwa huru kujitafutia mwajiri, na katika miaka ya kwanza mshahara wake ni mdogo ukilinganishwa na wa wakubwa. Basi mizani ndiyo hii: upande mmoja mechi kumi na moja za mtu unayemjua, upande wa pili miaka sita ya mtu usiyemjua.

Nianze na Detroit, kwa kuwa nilikuwa karibu. Mwaka 1987 timu ya Detroit Tigers ilikuwa ikifukuzana na Toronto kuwania ubingwa wa kundi lao. Tarehe 12 Agosti ilimchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta, mtupaji wa miaka 36, ikamtoa kijana wa miaka 20 aitwaye John Smoltz. Kijana huyo alikulia Lansing, mji wa Michigan hiyo hiyo, na Detroit ndiyo timu aliyoipenda tangu utotoni. Katika ligi ndogo mwaka huo alikuwa ameshinda mara 4 na kushindwa mara 10. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kwenda.

Alexander alianza mechi 11 akiwa Detroit. Alishinda 9, hakushindwa hata moja. Wiki ya mwisho Toronto ilikuwa mbele, ikapoteza mechi saba mfululizo, tatu za mwisho zikiwa mikononi mwa Detroit yenyewe. Detroit ilimaliza na ushindi 98, Toronto 96. Ndugu zangu, tofauti ni mechi mbili. Mwondoe yule mzee katika hesabu, na ubingwa unakwenda Kanada. Niliziona barabara za Michigan wiki ile. Watu wasiofahamiana walikuwa wakisalimiana.

Kisha ikaja hatua ya mtoano. Minnesota iliitoa Detroit kwa mechi nne kwa moja, na Alexander alipoteza mechi zake zote mbili. Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, alishinda 6 akashindwa 18, akastaafu. Mwaka huo huo Detroit ilipoteza mechi 103, na haikurudi katika mtoano hadi mwaka 2006. Smoltz yeye aliichezea Atlanta mpaka mwaka 2008. Alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1995, akapewa tuzo ya mtupaji bora wa ligi yake mwaka 1996, akamaliza kazi na ushindi 213, na mwaka 2015 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo na kutikisa kichwa: usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi naomba twende mbele kidogo. Smoltz alipopandishwa ligi kuu mwaka 1988 alishinda mara 2 akashindwa mara 7. Atlanta haikumrudisha shambani. Ilimwacha atupe, apigwe, ajifunze, kwa sababu timu ilikuwa dhaifu na haikuwa na haraka ya kwenda popote. Je, Detroit, iliyokuwa ikidai ubingwa kila mwaka, ingemvumilia hivyo? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Atlanta ndiyo iliyomuunda.

Tena sikilizeni hili. Mwaka 1991 Smoltz alianza mechi ya saba ya fainali kuu. Mtupaji aliyesimama dhidi yake alikuwa Jack Morris, ambaye mwaka 1987 alikuwa tegemeo la Detroit na sasa amehamia Minnesota. Walitupiana mpaka zamu ya nane bila upande wowote kupata kitu. Mwishowe Morris alitupa zamu kumi na Minnesota ikashinda 1 kwa 0. Mkongwe alimshinda kijana usiku ule. Kwa hiyo anayedhani mkongwe hana thamani, na anayedhani kijana ndiye kila kitu, wote wawili hawajaisoma mechi ile.

Sasa nitoke Detroit. Mwaka 2008 timu ya Milwaukee Brewers ilikuwa haijaingia katika mtoano tangu mwaka 1982. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaoa, bila kuona Oktoba ya maana. Mwezi Julai ilimchukua CC Sabathia kutoka Cleveland. Alishinda 11, akashindwa 2, na mechi saba kati ya hizo alizitupa mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Siku ya mwisho ya msimu alisimama tena, akiwa amepumzika siku tatu tu badala ya nne, akawafunga Chicago, na Milwaukee ikaingia. Ilitolewa mapema na Philadelphia, naye Sabathia akaenda New York kwa mkataba mnono.

Ilitoa nini? Chipukizi aliyesifiwa zaidi katika kundi lile alikuwa Matt LaPorta. Hakutimiza matumaini, mwaka 2012 ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika ligi kuu. Aliyekuja kung'ara ni Michael Brantley, ambaye jina lake liliongezwa baadaye kukamilisha biashara, kama mtu anayeongezewa nyanya juu ya fungu. Huyo alichaguliwa mara tano kuwa miongoni mwa nyota wa ligi. Kwa hiyo hata wauzaji na wanunuzi wenye macho makali hawajui kwa hakika ni kijana yupi atakayeiva. Hata hivyo ukienda Milwaukee leo, si rahisi kumpata anayejutia biashara ile.

Wapo waliotoa vingi wasipate kitu. Mwaka 2002 timu ya Montreal haikuwa na mwenyewe. Ilimilikiwa kwa pamoja na timu nyingine za ligi, na kulikuwa na mpango wa kuifuta kabisa. Mwenye kuamini nyumba itabomolewa kesho hapandi mwembe uani. Montreal ilimchukua Bartolo Colon, mtupaji hodari kwelikweli, ikawatoa chipukizi watatu kwa mkupuo: Cliff Lee, Brandon Phillips na Grady Sizemore. Colon alishinda mechi 10, lakini Montreal haikuingia katika mtoano. Wale vijana wote watatu walikuja kuwa nyota, na Lee akawa mtupaji bora wa ligi yake mwaka 2008. Timu haikufutwa, ilihamia Washington mwaka 2005, ikafika huko ikiwa haina mbegu ghalani.

Mfano wa mwisho ni Houston, iliyofanya jambo hilo mara mbili. Mwaka 1998 ilimchukua Randy Johnson, ikawatoa Freddy García, Carlos Guillén na John Halama. Johnson alianza mechi 11, akashinda 10, kisha Houston ikatolewa katika raundi ya kwanza, naye akaenda Arizona. Vijana wale walikuwa Seattle mwaka 2001 ilipojipatia ushindi 116 katika msimu mmoja. Mwaka 2017 Houston hiyo hiyo ilimchukua Justin Verlander, mwenye miaka 34, ikatoa chipukizi watatu. Safari hii ilitwaa ubingwa wake wa kwanza. Ni kweli baadaye ligi iligundua kwamba wapigaji wa Houston walikuwa wakiiba ishara za wapinzani mwaka ule, na doa hilo halifutiki; lakini kazi ya Verlander ilikuwa kutupa, na alitupa. Tena mkataba wake ulikuwa na miaka miwili zaidi mbele, na mwaka 2019 alipewa tuzo ya mtupaji bora akiwa bado Houston.

Kutokana na mifano hii, Ndugu Mwenyekiti, jibu langu ni ndiyo, kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza: timu iwe imekwisha kufika mlangoni. Mtupaji mmoja huongeza ushindi michache tu. Kwa Detroit iliyohitaji miwili, michache ilitosha. Kwa timu iliyo nyuma kwa mechi kumi, ni kununua kitasa cha dhahabu kabla ya kujenga ukuta.

Sharti la pili: ghala lisibaki tupu. Mkulima hula sehemu ya mbegu mwaka wa njaa na hatulaumu. Tunamlaumu aliyekula zote. Kumtoa kijana mmoja ni biashara. Kuwatoa watatu bora kwa mkupuo, kama Montreal, ni kukata tamaa kulikovikwa suti.

Sharti la tatu: ujulikane muda atakaokaa mgeni, na afya ya mkono wake. Watupaji huchanika kano za kiwiko. Tangu mwaka 1974 madaktari wameweza kuzirekebisha kwa upasuaji unaoitwa kwa jina la mchezaji wa kwanza kufanyiwa, Tommy John, lakini mtu hukaa nje mwaka mzima au zaidi. Smoltz mwenyewe alifanyiwa na kuukosa msimu wote wa mwaka 2000. Atlanta ilimsubiri kwa kuwa alikuwa wake. Mgeni wa miezi miwili hakuna atakayemsubiri.

Nimalizie kwa kura yetu ya mchana. Shule si timu ya kulipwa. Sisi hatuna haki ya kumtoa mtoto wa kidato cha pili tupate mwingine. Huyo wa kidato cha pili ndiye aliyesababisha shule ijengwe. Lakini fedha ikienda kwa wageni tu, yeye tumemtoa bila kumwambia: atafanya mazoezi miaka mitatu akiokota mipira, na siku ya mashindano jezi itavaliwa na aliyefika Julai.

Pia tuseme ukweli kwamba kushinda kuna maana. Kijana aliyewahi kubeba kombe hubadilika mwendo wake. Kwa hiyo sipendekezi tuwafungie mlango wanaohamia. Napendekeza sehemu kubwa ya fedha iende kwa mwalimu wa michezo, mipira na viatu vya vidato vya chini, na anayehamia apokewe pale tu timu yetu inapopungukiwa na mtu mmoja kufika fainali. Akija, awe na kazi ya pili: kuwafundisha wadogo alichokijua.

Nanyi vijana, kama mwaka mmoja mtapewa mgeni mbele yenu katika kikosi, mtakuwa na haki ya kuumia. Smoltz aliondolewa katika timu ya nyumbani kwao akiwa na miaka 20, baada ya msimu wa kushindwa mara 10. Alifunga mizigo akahamia timu ya Atlanta.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.