Utayari wa Wahudumu wa Afya Kumpokea Aliyefanyiwa Ukatili wa Kijinsia



Utayari wetu, kwa maoni yangu, upimwe zahanati, tena zamu ya usiku. Vyeti vya mafunzo havitoshi kuuthibitisha.

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Wengi wao tunawahudumia bila kujua. Mama anakuja kliniki analalamika kichwa, usingizi haumjii, mimba imetoka mara ya pili. Anapewa panadol, anaondoka.

Kwa aliyebakwa, saa ndizo zinazoamua. Dawa za kujikinga na VVU, zile tunazoziita PEP, zianzwe ndani ya saa 72, na kila akiwahi ndiyo heri, kisha azitumie siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo visipite siku 5. Hata hivyo bado kuna vituo ambako salamu ya kwanza ni kudai fomu ya polisi, "PF3 iko wapi?" Polisi ni mbali, nauli hana, usiku umeingia. Hadi arudi na karatasi, muda wa dawa umekwisha. PF3 ina kazi yake mahakamani, nasi tuijaze kwa makini, kila jeraha liandikwe kwa mwandiko ambao hakimu ataweza kuusoma. Ila matibabu yatangulie. Hapo sina mjadala.

Vituo vya Mkono kwa Mkono vimewaweka daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, na ni msaada mkubwa. Lakini kijijini muuguzi mmoja ndiye hayo yote. Mtuhumiwa anaweza kuwa shemeji yake, au mjumbe wa serikali ya kijiji. Akiandika ukweli leo, kesho wanakutana kisimani. Tunamlaumu kwa kunyamaza, na hatujiulizi nani anamlinda yeye.

Shirika la Afya Duniani linatutaka tumsikilize mama bila kumhukumu, tuulize anahitaji nini, tumwonyeshe kuwa tunamwamini, tuangalie usalama wake, tumuunganishe na msaada. Halishauri tumhoji kila mwanamke anayeingia kituoni. Tuulize dalili zinapojitokeza, mkiwa wawili tu, mlango umefungwa. Hata mama mkwe aliyemsindikiza asubiri nje.

Nawaomba waganga wafawidhi: mkirudi vituoni, fungueni stoo mhakikishe PEP ipo, haijapita muda wake, na aliye zamu ya usiku anao ufunguo. Nanyi wa halmashauri, tengeni fedha za nauli kwa muuguzi anayeitwa kutoa ushahidi mahakamani, asiitoe mfukoni mwake.