AGNES ATAKAYE, MKE NA MAMA WA WATANGULIZI

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakristu na wageni katika sikukuu ya yubile ya parokia



Katika siku hizi za yubile tumesikia majina mengi. Tumesikia majina ya Mapadri waliofika wa kwanza, ya wababa waliochoma matofali ya kanisa, na ya wakatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Ni haki kuyataja. Lakini halmashauri ya parokia, ilipoisoma orodha hiyo, iliona ya kuwa ina pengo. Wamama wako wapi? Nani aliwateka maji wachoma matofali? Nani alilima shamba la katekista wakati mwenyewe alipokuwa safarini? Kwa sababu hiyo nimepewa kazi ya kusema juu ya mama mmoja tu, ambaye hakuwa wa parokia hii, lakini kwa haki aweza kuitwa mama wa Eklezia yote ya pwani ya Tanganyika. Jina lake ni Agnes Atakaye.

I. Nchi yenye hofu

Wazee wetu walijua vema habari za siku zile. Katika karne ya kumi na tisa, nchi ya magharibi ya ziwa Tanganyika, na milima ya Marungu pamoja nayo, ilikuwa nchi yenye hofu. Wafanya biashara ya watumwa walivuka ziwa kutoka Ujiji wakiwa na bunduki. Vijiji vilichomwa, ghala za chakula zilinyang'anywa, na watu walifungwa minyororo ili wavushwe ziwa na kupelekwa mbali, hata pwani ya bahari. Wanawake na watoto ndio waliotafutwa zaidi. Binti aliyekwenda kisimani asubuhi hakuwa na hakika ya kurudi nyumbani. Mama aliyelima shamba alilima akitazama nyuma.

Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka 1883 askari mmoja Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma kule Mpala, upande wetu wa ziwa. Mwaka 1885 boma hilo likawekwa mikononi mwa Mapadri. Wakawakusanya hapo watoto waliokombolewa, yatima na wakimbizi wa vita. Lakini nani angewalinda? Kardinali alimtuma Mfaransa mmoja, Léopold Joubert, mzaliwa wa Saint-Herblon mwaka 1842, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu. Alikwisha kuja Afrika mara ya kwanza mwaka 1880. Mwaka 1887 akarudi Mpala, na safari hii hakuondoka tena hata kufa.

II. Ndoa mbele ya altare

Watu wengi wanajua habari za Kapiteni Joubert kwa sababu ya bunduki yake. Mimi napenda mjue kwanza habari ya ndoa yake.

Tarehe 13 mwezi wa pili 1888, Kapiteni alifunga ndoa na binti Mwafrika, ambaye ndiye Agnes Atakaye. Bwana alikuwa karibu kutimiza miaka 46. Pimeni uzito wa jambo hili, ndugu zangu. Mwaka ule ule Kardinali Lavigerie alianza kuzunguka Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa utumwa, na huko watu wengi walimlilia Mwafrika kama mtu wa kuhurumiwa tu. Lakini huku Marungu, mzungu mmoja alisimama mbele ya altare na kumpa mwanamke Mwafrika ahadi ile ile ambayo angempa binti wa nchi yake mwenyewe: ahadi ya maisha yote. Hakumtwaa kwa siri, wala kwa muda. Alimwoa katika Sakramenti, na watoto wao walichukua jina la baba yao mchana, mbele ya watu wote.

Nasema hayo kwa sababu tunajua mambo yaliyofuata katika nchi yetu. Wakati wa Kongo ya Wabelgiji, watoto wengi waliozaliwa na baba mzungu na mama Mwafrika walinyimwa jina la baba. Wengi wao walinyang'anywa mikononi mwa mama zao na kuwekwa mbali nao, hata katika nyumba za misioni. Na jambo hilo tusilifiche siku ya yubile. Mwaka 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha mbele ya bunge. Mwezi wa kumi na mbili 2024, baraza la rufani la Brussels liliamua, katika mashtaka ya wamama watano waliochukuliwa utotoni, ya kuwa tendo hilo lilikuwa kosa juu ya ubinadamu. Mama Agnes alilea watoto wake mwenyewe, nyumbani mwake mwenyewe. Kumbe, jambo lililokataliwa kwa mama wengi baadaye lilikuwa limewezekana tangu mwanzo.

III. Boma na shamba

Kapiteni na mke wake walikaa mahali palipoitwa Saint-Louis de Mrumbi. Hapo palikusanyika watu waliookolewa mikononi mwa wawindaji wa watumwa, pamoja na wakimbizi walioacha vijiji vilivyochomwa. Kapiteni aliwafundisha wanaume kulinda mji, akawatibu wagonjwa, akafundisha katekismu. Vita haikuwa ndogo. Watu wa Rumaliza wa Ujiji, ambaye jina lake hasa ni Muhammad bin Khalfan, waliisumbua pwani yote, na mwaka 1891 msaada ulikuja kutoka Ulaya pamoja na Kapiteni Jacques, aliyejenga Albertville, mji tunaouita leo Kalemie.

Hayo yameandikwa katika vitabu. Lakini wamama mlio hapa mnajua jambo ambalo mwenye kuandika vita hulisahau upesi: bunduki hailimi. Mji wenye wakimbizi ni mji wenye njaa. Mtu anayefika jioni akiwa na alama za mnyororo shingoni hahitaji kwanza hotuba. Anahitaji ugali, maji na mkeka. Na ugali huo unatoka wapi? Unatoka kwa jembe, kwa kinu, kwa ungo, kwa kuni zilizobebwa kichwani. Muhogo unataka miezi mingi ardhini kabla ya kuvunwa. Kisha utalowekwa, utaanikwa, utatwangwa. Mahindi na mtama vinataka kulindwa na ndege na nguruwe wa mwitu. Mbegu za mwaka ujao zinataka kuwekwa pembeni hata siku watoto wanapolia. Boma lenye kuta imara, kama ghala yake ni tupu, litaanguka pasipo adui kupiga risasi moja. Kama Saint-Louis ilisimama, ilisimama kwa mikono miwili: mkono wa mlinzi na mkono wa mkulima, na katika nchi yetu mkono wa mkulima mara nyingi ni mkono wa mama.

Kwa hiyo sisi tunamwita Agnes mtangulizi, wala si mke wa mtangulizi tu. Tunamwita hivyo pamoja na wake wote wa askari, wake wa wakatekista na wajane waliolima katika mji ule, ambao hawana sanamu wala barabara yenye majina yao.

IV. Nyumba yenye watoto kumi

Mungu aliwajalia Kapiteni na Agnes watoto kumi. Wamama wenzangu, mnajua hesabu hiyo maana yake nini: kuzaa kumi mahali penye homa na pasipo daktari, huku mji ukitishwa na vita katika miaka ya mwanzo. Miaka ishirini baada ya arusi, nyumba ile ilikuwa ingali inalea mtoto mchanga.

Wakati watoto hao walipokuwa wakikua, Eklezia nayo ilikuwa ikikua kando yao. Mwaka 1893 misioni ya Baudouinville ilianzishwa, ambayo leo ni Moba. Monsenyeri Roelens akawa askofu, seminari ikafunguliwa, na mwaka 1917 Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, akapewa upadri, wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Ndani ya nchi hiyo iliyokuwa imelimwa na kumwagiliwa hivyo, wana wawili wa Agnes nao wakaitwa kuwa mapadri.

Hatimaye jamaa ilihamia Misembe, karibu na Moba. Huko Kapiteni alikufa tarehe 27 mwezi wa tano 1927, akiwa mzee wa miaka 85. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika. Tangu siku ya arusi yao ilikuwa imepita miaka 39. Askari aliyezoea kuwaongoza wengine alihitaji naye mkono wa kumwongoza. Ndoa yenye kuanza katika vita ilifika mwisho wake katika utumishi wa nyumbani.

V. Matunda ya mwisho

Mmoja wa wana wale ni Albert, aliyezaliwa Saint-Louis de Mrumbi mwaka 1908. Alipewa upadri mwaka 1935, akawa padri wa nchi yake. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, alikuwa katika misioni ya Fizi. Kwa kuwa baba yake alikuwa mzungu, ngozi yake ilimtia katika hatari. Kwa kuwa mama yake alikuwa wa hapa, hapa palikuwa kwao. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa kule Baraka. Jioni ya siku ile ile wauaji wakafika Fizi, wakamwua Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Albert alikuwa na miaka 56.

Tarehe 18 mwezi wa nane 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa jina la Baba Mtakatifu, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenyeheri. Kwa hiyo, ndugu zangu, binti wa nchi iliyowindwa na wauza watu ni mama wa Mwenyeheri. Mikono iliyoshika jembe ndiyo iliyomfundisha Mwenyeheri Albert kufanya alama ya msalaba.

VI. Kazi inayotubakia

Tutaondoka hapa na fundisho gani? Nataja mambo matatu tu.

La kwanza ni kwa wababa. Kapiteni Joubert alikuwa mtu wa vita, na watu wa leo wanaweza kuyapima matendo yake ya vita kwa mizani ya leo. Lakini ahadi aliyompa mke wake aliishika. Baba anayeoa kanisani na kumwacha mama peke yake na shamba na watoto, huyo amevunja boma lake kwa mkono wake mwenyewe.

La pili ni kwa vijana. Msidharau kazi ya shamba, wala msione haya kwa ajili ya mama mwenye mikono migumu. Karo ya shule, mavazi ya Komunyo ya kwanza, safari ya seminari, vyote vilipita kwanza katika mikono ile.

La tatu ni kwa parokia yote, nalo ni la haraka. Habari za Kapiteni zimejaza vitabu. Za mke wake twazipata katika mistari michache. Kwetu nako ni vivyo hivyo. Katika daftari la ubatizo tunasoma jina la mama mara moja, kisha anapotea. Lakini wako bado, katika shirika zetu, mabibi wazee wanaokumbuka mama zao walitoka kijiji gani, walikimbia njaa ipi, walilima bonde lipi kabla ya kanisa kujengwa. Bibi mmoja akizikwa, kitabu kizima kinazikwa pamoja naye. Naomba kila jamaa, kabla mwaka huu wa yubile haujafungwa, imwulize bibi yake, iandike katika daftari, na kuileta nakala moja kwa Baba Paroko. Andikeni majina. Andikeni mashamba. Andikeni na watoto waliokufa wachanga, kwani nao mama zao hawakuwasahau.

Tuwaombee wamama wote waliotutangulia katika imani, na Mwenyeheri Albert awaombee wamama wa leo, hasa wale wa Fizi, wa Uvira na wa mashariki yote ya nchi yetu, ambao hata sasa wanalima wakitazama nyuma. Mungu awape amani, ili walime wakitazama mbele.