Tuifahamu Pampu ya Kisima Chetu



Leo tuzungumze juu ya pampu ya skrubu inayotupandishia maji. Ina sehemu kuu tano.

Kwanza, injini na mkanda wake. Hizi ziko juu ya kisima na ndizo zinazozungusha pampu.

Pili, shafti. Ni chuma kirefu kinachoshuka ndani ya bomba hadi kwenye maji.

Tatu, rota. Ni chuma kigumu kilichosokotwa kama kamba, kilichofungwa mwisho wa shafti.

Nne, stata. Ni bomba fupi lenye mpira mnene ndani. Rota huzunguka humo ikiubana mpira, na maji yaliyo katikati husukumwa juu.

Tano, valvu ya chini na chujio. Valvu huzuia maji yasirudi kisimani. Chujio huzuia takataka.

Mpira wa stata hulainishwa na maji yenyewe. Yakikosekana, hupata moto na kuungua upesi. Hapo mafundi hulazimika kung'oa mabomba yote, na kambi hukosa maji. Kwa hiyo mwangalizi akizima injini kwa sababu kisima kimepungua, msimlazimishe aiwashe, hata foleni ikiwa ndefu. Subirini maji yajikusanye.

Vilevile, mtu asifunge koki ya kwenda tangini wakati pampu inazunguka. Maji yakikosa njia, bomba huweza kupasuka.

Watoto wasikaribie mkanda. Mkisikia mlio usio wa kawaida, mwambieni mwangalizi mara moja.