VITA YA UKRAINE ISIWE KISINGIZIO

*Maneno ya Katibu wa Tawi, mkutano wa wanachama, Isongole, Agosti 2022. Ambao hawakufika wasome, na wawasomee wazee wasio na simu.*



Tangu tarehe 24 Februari vita ya Urusi na Ukraine haijatoka redioni, na kwenye magrupu zinarushwa klipu za kila aina. Sisi tuitazame inavyoingia shambani.

*Mafuta.* Soko la dunia ni moja. Wanaoacha kununua ya Urusi wanakuja kugombania haya haya tunayonunua sisi. Agosti 2022 dizeli Dar es Salaam ilikuwa Sh 3,322 kwa lita, hata baada ya ruzuku ya Serikali. Lori la viazi lililipa hiyo.

*Mbolea.* Urusi ni muuzaji mkubwa, ndiyo maana bei ilipaa. Ruzuku ilizinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane 2022: mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ulikuwa Sh 70,000. Asiyejiandikisha hapati.

*Ngano.* Nchi yetu huagiza nyingi kutoka nje, ndiyo maana andazi limekuwa dogo.

Hayo ni ya vita, tuyakubali. Lakini lumbesa haikuletwa na vita. Mnunuzi anapotuambia "mafuta yamepanda", halafu anataka gunia lishonewe kilemba na bei ishuke, anatulipisha mara mbili. Sheria ya vipimo iko wazi: gunia lisizidi kilo 100. Na nauli ni ile iliyotangazwa na LATRA. Anayezidisha hapo ana tamaa yake tu.

Tumekubaliana hivi:

1. Kila mkulima ajiandikishe ofisi ya kijiji, na namba yake ya simu. Vijana wawasaidie wazee.
2. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutoa bei, na Rungwe tuna mstari wetu. Tutaituma hapa. Atakayetaja mafuta, tuanze na karatasi hiyo.
3. Viazi vipimwe kwa mizani. Mmoja akikubali lumbesa, jirani yake hana nguvu ya kukataa.
4. Klipu isiyojulikana ilikotoka isirushwe.

Vita hatuwezi kuizuia kutoka Isongole. Mizani tunaweza kuisimamia.



*Katibu wa Tawi*