Hotuba ya Kamati ya Fedha juu ya Hesabu za Mahema na Viti



Sisi wa Kamati ya Fedha tumetakiwa tueleze kwa nini hatukukubali kugawa zile Sh. 36,000 zilizobaki katika hesabu ya mahema na viti. Twajua kwamba wengi walikwisha kuzipangia kazi, na manung'uniko yametufikia. Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mtuhukumu.

Vyombo hivi vilinunuliwa kwa Sh. 300,000, nasi twakadiria vitadumu miaka mitano. Mgeni hulipa Sh. 6,000 kwa siku, mwanachama Sh. 3,000. Kila vinapotoka, gari huchukua Sh. 1,500, vijana wa kusimamisha Sh. 1,000, kufua na kushona Sh. 500, jumla Sh. 3,000. Mwaka uliopita vilitoka mara 52: mara 32 kwa wageni, mara 20 kwa wanachama. Wageni walituachia Sh. 96,000. Wanachama walirudisha gharama tu, pasipo ziada. Tulipotoa kodi ya ghala na mshahara wa mlinzi, yaani Sh. 60,000, zikabaki hizo 36,000. Fedha zipo, wala hakuna aliyezigusa.

Lakini fedha iliyomo sandukuni si lazima iwe faida. Hema huchakaa kwa jua na mvua, na kiti huvunjika mguu. Gawanya Sh. 300,000 kwa miaka mitano, utapata Sh. 60,000 kila mwaka. Gharama hii haina risiti, wala hakuna mtu ajaye mlangoni kuidai, ndiyo maana husahauliwa. Ukiiandika, ile 36,000 yageuka kuwa hasara ya Sh. 24,000. Kuigawa ni kula mahema yetu kipande kwa kipande. Nasi katika kamati tulifanya kosa hilo hilo miaka miwili ya kwanza. Aibu hiyo ni yetu.

Mzee mmoja akatuuliza: ikiwa ni hasara, mbona tusiiache kazi hii? Tulikaa jioni nzima juu ya swali lake. Tukiacha, kodi na mshahara vitakoma, Sh. 60,000, lakini Sh. 96,000 za wageni nazo zitakoma, na kila mwaka tutapungukiwa na Sh. 36,000. Zile 300,000 zilikwisha kutoka, na kufunga ghala hakuzirudishi, isipokuwa bei ndogo ya vitu vikuukuu. Basi tusifunge sasa. Swali la mzee litakuwa zito siku ya kununua mapya, maana siku hiyo fedha zitakuwa bado mikononi mwetu.

Kadhalika, shule moja jirani yataka kukodi siku za kazi kwa Sh. 4,500. Wengine walisema ni kudharau bei yetu. Sisi twaona yafaa: Jumanne vyombo hulala ghalani, na kila safari itatuachia Sh. 1,500. Jumamosi hapana, kwani siku hiyo yupo mgeni wa Sh. 6,000.

Na lile punguzo la wanachama? Kwa bei ya wageni ni Sh. 60,000 kwa mwaka. Hatuombi liondolewe, chama hiki kiliundwa ili tuzikane kwa heshima. Twaomba tu liandikwe katika taarifa kwa jina lake, msaada, ili kila mtu auone ukubwa wake, wala asidhani kwamba mahema yanazembea.

Neno moja juu ya daftari. Mtawa Luca Pacioli, katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, alieleza desturi ya wafanyabiashara ya kuandika kila jambo mara mbili, lilikotoka na lilikokwenda. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 fedha hupita katika simu, na simu ya mtu mmoja huchanganya nauli yake na mali ya chama. Tumekwisha kufungua namba ya chama peke yake; tafadhali msilipe kwingine.

Sasa twaleta ombi letu mbele yenu. Sh. 36,000 ziwekwe katika akaunti ya kununulia mahema mapya, zisitolewe ila kwa saini tatu. Wanaokubali wainue mikono, na karani ahesabu.