Kwato za Punda

Leo twapenda kusema nanyi habari za kwato, na hasa kwato za punda, maana mtu atakayesimama hapa Ipagala kueleza kwato za farasi atasikilizwa na wachache. Farasi hakupata makao katika nchi hizi. Mwaka 1871 Bwana Stanley alipoondoka Bagamoyo kuja bara alikuwa na farasi wawili na punda zaidi ya 20. Farasi wote wawili walikufa kabla ya kufika mbali na pwani. Punda nao wengi walikufa njiani, walakini punda hustahimili maradhi ya nchi hizi kuliko farasi. Kwa hiyo mizigo ya Ugogo ikawa yake: maji, kuni, mtama, na tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mchanga na matofali ya majumba mapya.

Asili ya punda ni nchi kavu za Afrika, na ukwato wake waonyesha hivyo. Ni mwembamba kuliko wa farasi, umesimama wima zaidi, na ganda lake hunyonya maji upesi. Juu ya mawe na changarawe hauna shida. Taabu huanza masika, tangu Desemba hata Aprili, punda afungwapo usiku kucha katika zizi lenye tope na samadi. Ganda hulainika, na katika mifereji iliyo kando ya ile nyama ngumu ya pembetatu chini ya wayo hutokea uozo mweusi wenye harufu mbaya. Dawa yake ya kwanza ni koleo la kuzolea samadi. Safisheni zizi, inueni pembe moja kwa udongo na changarawe ili punda apate mahali pakavu pa kusimama, kisha mchokoeni kwato kila jioni kwa kijiti butu.

Ganda la ukwato hukua kama kucha ya mtu, milimita 6 hata 10 hivi kwa mwezi. Punda atembeaye sana juu ya ardhi ngumu huusaga mwenyewe. Yule afungwaye, au akaaye penye ardhi laini, ukwato wake hurefuka mbele na kupinda juu kama pembe ya mbuzi. Hapo uzito wote hurudi nyuma, mishipa ya mguu huvutwa, na punda hutembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Yafaa apunguzwe kila baada ya majuma 6 hata 10, kwa kisu kikali na tupa. Hukatwa ganda la pembeni, na wayo huachwa unene wake, maana ndio ngao ya nyama iliyo ndani. Na ukwato ulioachwa mwaka mzima haunyoshwi siku moja! Wako watu wenye haraka wauchukuao kwa panga mpaka damu itoke, kisha hushangaa punda haamki. Hukatwa kidogo, majuma machache yakapita, hukatwa tena.

Punda akianza kuchechemea ghafla, inueni mguu kabla ya kutafuta dawa yo yote. Katika mitaa ijengwayo, misumari na vipande vya chupa vimejaa barabarani. Mara nyingi mtaona tundu dogo, na ndani yake usaha. Mwiteni afisa mifugo apafungue usaha utoke, kisha ukwato huloweshwa katika maji ya moto kiasi yenye chumvi na kufungwa kitambaa safi, na juu yake gunia au kipande cha mpira wa gurudumu. Mwombeni pia sindano ya pepopunda. Wazee walioupa ugonjwa huo jina hilo hawakukosea, maana jamii ya punda na farasi hushikwa nao upesi sana. Desturi ya kumchoma mguu kwa chuma cha moto haisaidii. Huongeza jeraha la pili juu ya la kwanza.

Kuna ugonjwa mwingine ulio mbaya zaidi. Punda alapo pumba au nafaka nyingi kwa mara moja, mathalani akivunja ghala usiku, nyama iliyo kati ya mfupa na ganda huwaka. Kwato huwa moto, naye huegemea nyuma akiogopa kukanyaga, au hulala asitake kuinuka. Akiachwa, mfupa huweza kushuka na kusukuma wayo. Ng'ambo mafundi humpigia farasi wa namna hii kiatu maalumu cha chuma, kilichofungwa nyuma kama pete au chenye kisigino kilichoinuliwa. Kwa punda wetu hatushauri chuma, maana msumari wa fundi asiyejua huingia penye uhai. Mfungieni chini ya wayo kipande kinene cha godoro, mlazeni juu ya mchanga mwingi, mpeni majani makavu na maji tu, na mzigo usimguse mpaka mganga wa mifugo aruhusu.

Zamani kidogo punda kilema alikuwa na mnunuzi. Yalikuwapo machinjio Dodoma na Shinyanga, na ngozi zilikwenda Uchina kuchemshwa kuwa gundi ya dawa. Serikali ilizuia biashara hiyo mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuizuia bara zima. Wako walionung'unika. Lakini punda jike huchukua mimba miezi 12 au zaidi, na mtoto wake hatabeba ndoo kabla ya miaka michache. Wakati huo wote ndoo zile huwa juu ya vichwa vya kina mama na watoto wa shule. Mguu uliotibiwa kwa kisu, maji ya chumvi na kipande cha gunia huweza kurudi kazini baada ya majuma machache. Ukwato ulioharibika wote huhitaji karibu mwaka mmoja kushuka upya kutoka juu hata chini, na mwaka huo mwenye mkokoteni hana budi kuuhesabu.