Nyumba ya Wanafunzi wa Mataifa Mengi

Leo twapenda kusema nanyi habari za nyumba wanamokaa pamoja wanafunzi waliotoka nchi mbalimbali, na elimu ipatikanayo humo, ambayo haiandikwi katika hati yo yote.

Mwaka 1909, mjini New York, bwana mmoja jina lake Harry Edmonds alimwamkia mwanafunzi wa Kichina penye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia. Yule kijana akamshukuru mno, akasema kwamba amekaa mjini majuma matatu, wala hapana mtu aliyepata kusema naye. Kwetu, ambako mgeni hapiti uani asiulizwe atokako, neno hili ni gumu kusadikika. Basi Bwana Edmonds na mkewe wakaanza kuwaalika wanafunzi wageni kula nyumbani kwao Jumapili. Wageni wakazidi, hata mwaka 1924 ikafunguliwa International House, nyumba kubwa iliyojengwa kwa fedha za John D. Rockefeller mdogo.

Nyumba ya pili ilifunguliwa Berkeley, California, mwaka 1930, nayo haikusimama kwa amani. Watu zaidi ya 800 walikutanika kupinga weupe na weusi kukaa chini ya dari moja. Katika mkutano huo bibi mmoja mwandishi wa magazeti, Delilah Beasley, naye Mwamerika mweusi, aliitetea nyumba mbele ya umati uliokasirika. Tena Bwana Edmonds alikuwa amechagua kwa makusudi barabara ile ile yenye mabweni ya vyama vya wanafunzi vilivyokataa wageni na watu wasio weupe. Ujasiri huo twausifu.

Lakini je, kukaa pamoja kwatosha? Hakutoshi. Mwaka 1954 mtaalamu Gordon Allport alieleza kuwa chuki hupungua watu wakutanapo wakiwa sawa kwa cheo, wakifanya kazi moja kwa shabaha moja, na wakubwa wao wakiwaunga mkono. Wapangaji wanaopishana mlangoni hawajifunzi kitu. Jikoni ndiko kwenye darasa. Huyu hali nyama ya nguruwe, yule hagusi nyama ya ng'ombe, na sufuria ni moja. Sharti waulizane, wapatane zamu, na kila mmoja aeleze desturi ambayo kwao haikuhitaji maelezo. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba naye ana desturi, wala si wenzake tu. Mmoja hunyamaza kwa heshima, mwenziwe akadhani amenuna. Wakiisha kuulizana mara mbili tatu, hujizuia wasihukumu upesi.

Wako pia wakaao nyumba hizo miaka miwili, na kila mlo huketi na watu wa kwao tu, wakarudi kama walivyokwenda. Mzazi mwenye mtoto aliye masomoni ugenini, amwandikiapo barua kumwuliza habari za mitihani, na amwulize pia hula pamoja na nani.